Chawa wa Mpunga Jarubani kwa Yuelan

Asubuhi ya tarehe ishirini na moja mwezi wa nane, Shu Yuelan alichutama kwenye matope ya jaruba lake, akaegemeza sinia jeupe kwenye kitako cha shina la mpunga, akalipiga shina makofi matatu. Wadudu wakadondoka siniani. Akawahesabu upesi kabla hawajaruka: chawa wa mpunga kumi na watatu, buibui wanne, kunguni wadogo wa kijani wawili. Akaandika kwenye daftari, akasogea hatua kumi, akachutama tena. Alipofikisha mashina hamsini, jua lilishapanda juu ya miti ya mfereji, na wastani ulikuwa uleule, kumi na tatu. Juma lililopita ulikuwa sita. Kikomo alichopewa kilikuwa kumi na tano.

Chawa wa mpunga, ndivyo watu wa mkoa wa Hubei, China, wanavyoviita vile vidudu vya kahawia, vikubwa kidogo tu kuliko punje ya ufuta, vinavyojazana chini ya shina karibu na maji na kufyonza utomvu mpaka mpunga unakauka ukiwa umesimama. Hukauka kwa duara, kana kwamba mtu amewasha moto katikati ya shamba. Wakishaanza hivyo, siku tano huwatosha kulimaliza shamba.

Mpunga wenyewe haukuwa wa kawaida. Wataalamu wa mkoa walikuwa wameupandikiza kinasaba cha bakteria, nao ukawa unatengeneza sumu yake wenyewe dhidi ya funza wanaotoboa mabua. Funza aliyeuma bua la mpunga ule alikufa palepale alipouma. Mwaka huo, wakati majaruba ya jirani yalikuwa yamejaa masuke meupe yasiyo na kitu ndani, lake lilisimama kijani kutoka pembe hadi pembe. Lakini sumu ile iliwaweza funza tu. Chawa haikuwagusa.

Yuelan aliukubali mpunga huo kwa sababu moja. Miaka minane nyuma, mumewe, Deng Kaizhi, alitoka kupulizia dawa ya funza wakati wa jua kali, bomba likimvujia mgongoni, akaanguka kwenye ukingo wa jaruba akitokwa na povu. Alipona, ila mikono ilibaki ikimtetemeka, na harufu ya dawa ikimfikia kutoka shamba la mtu mwingine, hujifungia ndani akatapika. Tangu siku hiyo kazi ya kupulizia ilikuwa ya Yuelan, mara sita au saba kila msimu, kitambaa kimefungwa puani, huku Kaizhi akimtazama kutoka mlangoni kama mtu anayeangalia nyumba yake ikifukiwa na maji. Basi aliposikia kuna mpunga usiohitaji kupuliziwa dawa ya funza, hakuuliza mengi.

Sharti la wataalamu lilikuwa fupi. Ahesabu wadudu kila baada ya siku tatu, aandike kila kitu, na asipulize dawa yoyote mpaka kikomo kivukwe na Mwalimu Qin akubali. Qin Shuzhen alikuwa mtaalamu wa wadudu, mwanamke mnene wa miaka hamsini na kitu aliyezunguka vijiji vitano kwa pikipiki kuukuu. Kijijini walimwita Mwalimu, kwa heshima ya elimu yake.

Siku ile Yuelan alipopanda kwenye ukingo, alimkuta jirani yake anamsubiri. Pan Dehou alilima jaruba la chini, lililopokea maji yanayotoka kwake.

"Shemeji," Dehou alisema, "umewaamkia wageni wako? Wamelala salama?"

"Wamelala. Wa kwako je?"

"Wa kwangu nimewapulizia mara tatu. Juzi tena, dawa kali. Ila wanarudi. Unajua wanatokea wapi?" Akaelekeza kidevu kwenye daftari. "Wewe unawaandika majina, mimi nawalisha."

"Dehou, umeangalia buibui wako?"

"Buibui nitawafanya nini, niwapike supu?"

"Ungewaangalia. Dawa yako inaanza na wao. Mayai ya chawa yamo ndani ya bua, hayaguswi. Yakianguliwa yanakuta nyumba haina mlinzi."

Dehou akacheka bila kufurahi. "Hayo maneno ya Mwalimu Qin. Mpunga ukiungua, Mwalimu Qin atakula mshahara. Wewe ukiunguliwa utakula daftari?"

Neno hilo Yuelan alikuwa ameshajiambia mwenyewe tangu alfajiri.

Mchana Mwalimu Qin alikuja, akavua viatu, akaingia matopeni na kuhesabu kwa mkono wake. Akatoka na jibu lilelile, kumi na tatu.

"Unasemaje?" Yuelan aliuliza.

"Una buibui wanne kila shina, na kunguni wa kijani wanakula mayai. Tungoje siku mbili."

"Na wakifika ishirini katika siku hizo mbili?"

"Watakuwa wamefika ishirini, Dada Shu. Sitakudanganya. Nimeshawahi kungoja nikakosea." Akavaa viatu. "Punguza maji ya jaruba. Chawa wanapenda kitako chenye unyevu. Na keshokutwa mchana njoo ofisini mjini na daftari. Nitampigia simu mkuu wangu tukiwa pamoja, tuamue."

Jioni, juu ya wali na mizizi ya yungiyungi iliyopikwa na pilipili, Kaizhi alisikiliza habari yote. Vijiti vya kulia vilikuwa vikigongana vidoleni mwake, akavilaza.

"Mama Fan," alisema mwishoni, akimwita kwa jina la mtoto wao, "unajua watu wanasemaje?"

"Watu gani?"

"Dehou. Wale wa dukani. Wanasema mpunga ukiungua ni aibu yako, kwa sababu ulipewa wewe, mwanamke, wakati wanaume wenye mashamba makubwa walikuwepo."

"Waache waseme. Kula, chakula kinapoa."

Alikula. Yuelan alidhani neno limekwisha hapo.

Siku mbili zile zilikuwa ndefu. Upepo ulikufa, joto likakaa juu ya bonde kama kifuniko cha sufuria. Yuelan alikuwa akienda jarubani hata wakati ambao hakutakiwa kuhesabu, akigawa mpunga kwa mikono miwili na kuchungulia chini. Mara aliona buibui amekumbatia chawa, moyo ukatua. Shina la pili alikuta kitako kimekuwa cheusi kwa chawa, na moyo ukampaa. Asubuhi ya siku ya pili wastani ulikuwa kumi na nne. Buibui walikuwa watano. Akalifunga daftari katika mfuko wa nailoni, akapanda basi dogo kwenda mjini.

Ofisini, mkuu wa Mwalimu Qin alisema kwenye simu kwamba buibui wakizidi wanne, kikomo kinaweza kusogezwa mbele kidogo. Wangoje siku tatu zaidi. Yuelan alisaini karatasi. Alirudi na basi la saa nane, na aliposhuka barabarani harufu ikampiga puani kabla hajavuka mfereji. Ilikuwa dawa. Akajiambia ni Dehou, kwa mara ya nne. Kisha akaona kwamba upepo mdogo uliokuwepo ulitoka upande wa jaruba lake.

Akakimbia.

Pembe ya mashariki, karibu na mlango wa maji, majani yalikuwa yakimetameta kwa unyevu. Kwenye maji kidogo yaliyobaki kati ya mistari buibui walielea, miguu imekunjwa, kumi, ishirini, hawakuhesabika. Bomba lilikuwa limelala ukingoni kwa ubavu, likidondosha. Hatua chache mbele yake, Kaizhi alikuwa amekaa kwenye matope, mgongo umeegemea ukingo, shati limelowa, akijaribu kufungua kifungo cha shingoni kwa vidole visivyomtii. Jasho lilikuwa likimtiririka kama mtu aliyetolewa mtoni. Alipomwinulia macho, mboni zake zilikuwa zimekuwa ndogo kama tundu la sindano.

"Nilitaka niimalize kazi kabla hujarudi," alisema, mate yakimtoka na maneno. "Imebaki... imebaki nusu."

Yuelan hakulia. Alimvua shati kwa kulirarua, akambwagia maji safi ya mfereji kichwani na mgongoni, akamlaza ubavu asije akapaliwa na matapishi, kisha akasimama akaita jina la Dehou kwa sauti ambayo watu wa ng'ambo ya mfereji waliisikia.

Dehou alikuja mbio, akaona bomba, akasimama ghafla. Bomba lilikuwa lake. Uso wake ulibadilika.

"Shemeji, aliniomba tu. Nilidhani ni wewe utakayepuliza. Naapa sikujua yeye..."

"Lete trekta," Yuelan alisema.

Walimbeba kwenye trekta dogo la mkono, lile lenye tela, Dehou akiendesha kama mwenda wazimu, Yuelan akiwa amempakata mumewe na kumshika taya asijiume ulimi. Misuli ya mapaja ya Kaizhi ilikuwa ikirukaruka chini ya ngozi kama vyura ndani ya gunia. Yuelan alikuwa ameiokota chupa ya dawa kutoka ukingoni, akaishika mkononi njia nzima kwa sababu mara ya kwanza, miaka minane nyuma, daktari aliuliza ni dawa gani na hakuna aliyejua.

Kwenye zahanati daktari alisoma chupa, akaanza sindano palepale. Moja, na dakika kumi baadaye nyingine, na nyingine tena, kila mara akimfunua kope kutazama mboni. Yuelan alikaa kwenye benchi. Dehou alisimama ukutani, kofia yake ya majani imekunjika mikononi. Saa moja na nusu ilipita ndipo daktari akasema mboni zinaanza kupanuka, maji ya mapafuni yamekauka, ataishi. Ila abaki siku nne.

"Nimemwua rafiki yangu kwa kejeli," Dehou alisema chini chini.

"Hujamwua. Umesikia alivyosema daktari."

"Nilimwambia dukani kwamba watu watakucheka. Nilikuwa natania."

Hasira ilikuwepo, imemjaa Yuelan kifuani, lakini hakuona pa kuipeleka ikamfaa mtu. "Rudi nyumbani ufunge mlango wa maji kati yangu na wewe," alisema. "Yasiingie kwako. Samaki wa bwawa lako watakufa."

Kaizhi alipoweza kusema, jambo la kwanza alilouliza ni kama amepulizia sawasawa.

"Umeua buibui wote wa pembe ile," Yuelan alimjibu. Kisha, kwa kuwa aliona machozi yanamjaa, akamshika kiganja. "Baba Fan, kwa nini?"

"Miaka minane unabeba bomba kwa ajili yangu. Mimi nakaa mlangoni. Mara hii nikasema, basi, mara moja tu, nibebe mimi."

Neno hilo lilimwuma Yuelan kuliko jambo lote lililotokea, kwa sababu hakuwahi kufikiri kwamba yule mtu wa mlangoni naye alikuwa na mzigo.

Palibaki jambo la daftari. Angeweza kunyamaza. Pembe ilikuwa ndogo, sehemu moja ya kumi ya jaruba, na Dehou asingesema kitu. Siku ya tatu Mwalimu Qin alipokuja zahanati na mfuko wa pichi, Yuelan alimpa daftari limefunguliwa kwenye ukurasa wa tarehe ile. Alikuwa ameandika: pembe ya mashariki imepuliziwa na mume wangu. Dawa ya chupa yetu ya zamani. Buibui wamekufa.

Mwalimu Qin alisoma, akalifunga. "Unajua sheria ya wataalamu."

"Najua."

"Wanaweza kulifuta jaruba lote kwenye majaribio."

"Ndiyo maana nimeandika kwa wino."

Mwalimu Qin alitoa kicheko kifupi cha uchungu, akamenya pichi moja, akampa mgonjwa.

Siku saba baada ya kupuliziwa, pembe ya mashariki ilionekana safi, na wapita njia wakasema, kumbe Kaizhi alifanya vema. Siku ya kumi na moja Yuelan alipiga shina la pembe ile, na sinia likawa jeusi. Alikadiria sitini. Mayai yalikuwa yameanguliwa, na wengine wenye mabawa walikuwa wamehamia kutoka kwa Dehou. Buibui alimwona mmoja. Katikati, mpunga ulikuwa umeanza kupauka, mduara wa upana wa ua wa nyumba. Sehemu iliyobaki ya jaruba, ambako hakuna tone la dawa lililofika, wastani ulikuwa umeshuka hadi tisa.

Wakati huo jaruba la Dehou lilikuwa na miduara mitatu, mikubwa, ya rangi ya majani ya chai yaliyotupwa. Alikuja akasimama karibu na Yuelan, hakutania.

"Ukiacha hapa paungue, wataenea?"

"Wataenea. Siku nne, tano."

"Na dawa?"

"Dawa gani tena, Dehou?"

Masuke yalikuwa yameinama, yamebakiza wiki tatu tu kukomaa. Ndipo Yuelan akakumbuka kitu alichokifanya akiwa msichana, enzi za mashamba ya pamoja, kabla maduka hayajajaa chupa: wanawake wamejipanga mstari mmoja, maji ya jaruba yamepandishwa, mafuta yamedondoshwa juu yake, na kila mtu ana fimbo ya mwanzi. Alimpigia simu Mwalimu Qin kutoka dukani.

"Pembe ile imeshatoka kwenye hesabu," Mwalimu Qin alisema. "Fanya unachojua. Ila izungushie tuta, mafuta yasiguse mpunga mwingine."

Walijenga tuta la matope tangu asubuhi hadi saa sita, Yuelan, Dehou, na mke wa Dehou aitwaye Hezhi, ambaye hakuwahi kuwa na neno jema kuhusu mpunga wa majaribio na siku ile pia hakuwa nalo. "Nimeolewa na mpumbavu, nikamzalia jirani matuta," alisema, akibandika tope kwa kiganja. Waliingiza maji mpaka yakafika juu ya vitako. Yuelan akadondosha mafuta ya taa kutoka kwenye kopo lililotobolewa, tone hapa, tone pale, yakatanda juu ya maji kama ngozi nyembamba yenye rangi rangi. Kisha wakaingia, wakirudi kinyumenyume, kila mmoja na mwanzi, wakiulaza mpunga na kuuachia, kuulaza na kuuachia, kwa upole masuke yasivunjike. Chawa walianguka kama vumbi la pumba. Mafuta yaliwashika, hawakuweza kuruka tena.

Mikono ilikufa ganzi. Jua liliwachoma shingo. Mara mbili Dehou aliteleza na kulala mzima kwenye mafuta, na mara ya pili mkewe alimwambia asikae humo sana, asije akahesabiwa. Walirudia tena siku ya tatu, kisha wakayaelekeza maji kwenye shimo walilochimba pembeni, na yalipokauka wakalifukia. Yuelan alihesabu kesho yake: saba. Alihesabu mara nne kwa kutoamini.

Mduara haukukua. Mpunga uliokuwa umekauka haukufufuka. Ulibaki pale wima, mtupu, mpaka siku ya mavuno. Lakini moto ule wa chawa haukutoka nje ya tuta, na sehemu kubwa ya jaruba ilikomaa ikainama kwa uzito. Mpunga wa majaribio ulipimwa na kuchukuliwa wote na wataalamu, kwa bei iliyokubaliwa. Dehou alivuna theluthi mbili ya shamba lake, na theluthi nyingine aliichoma.

Barua ilikuja mwezi wa kumi na moja. Ofisi ilishukuru kwa uaminifu wa taarifa. Hata hivyo, kwa kuwa sharti lilivunjwa, majaribio yangehamishiwa kijiji kingine. Mwalimu Qin aliileta mwenyewe, akaketi jikoni bila kuvua koti, akasema alibishana nao siku nzima. Yuelan aliisoma mara mbili. Alisema anaelewa, akamkaangia yai, na baada ya pikipiki kuondoka alikaa na barua mapajani mpaka moto wa jiko ukazimika.

Mbegu zile hazikurudi kijijini. Mwaka uliofuata walipanda mpunga wa kawaida, na funza wa mabua wakarudi nao, tena ikabidi kupulizia, lakini mara mbili tu badala ya saba, kwa kuwa Yuelan alihesabu kwanza na kuchagua dawa isiyogusa buibui, na siku za kupulizia alimpeleka Kaizhi kwa dada yake mlimani. Dehou alikuwa wa kwanza kumwomba apite na kwake kuhesabu. Msimu wa tatu kaya kumi na moja zilikuwa zinamngoja asubuhi.

Ndipo wilaya ilipomwita kuzungumza na wakulima mia mbili kwenye ukumbi wenye feni mbovu. Alisimama na karatasi ambayo hakuitumia. Aliwaeleza alivyofanya, pamoja na habari ya mumewe, bila kupunguza. Alipomaliza, mzee mmoja wa safu ya nyuma alinyanyua mkono.

"Kwa hiyo, mama, ule mpunga wa maabara ni mzuri au mbaya?"

"Kwa funza ni mzuri," Yuelan alisema. "Nilimaliza msimu bila dawa ya funza hata mara moja. Lakini ukiupanda ukaenda kulala, chawa watakuamsha."

Baadhi walicheka, wengine walinung'unika kwamba walikuja kutafuta jina la dawa. Kwenye basi la kurudi, Dehou, aliyekuwa amevaa shati jipya kwa ajili ya siku hiyo, alikuwa amenuna.

"Shemeji, umesimulia yote, bomba langu umelitaja, kejeli zangu umezitaja. Tuta nililojenga mbona hukulisema?"

"Hawakuuliza."

"Ningeuliza mimi."

"Ungeuliza," Yuelan alisema, akaegemeza kichwa kwenye kioo cha dirisha. Nje, pande zote za barabara, mpunga ulikuwa ndiyo kwanza umepandikizwa.